Pasipoti ya Mtoto: Nani Atie Sahihi?

Kama ilivyo desturi yetu, nitasoma pole pole. Mwenye karatasi ya somo mbele yake na afuate kwa kidole, mstari kwa mstari. Neno gumu likitokea nitalieleza papo hapo. Mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumza darasani.

Habari ya leo ni pasipoti ya mtoto. Pasipoti ni kitabu kidogo ambacho serikali humpa raia wake apate kusafiri nchi za nje. Ndani yake mna jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na sahihi. Mtu mzima akitaka pasipoti huomba mwenyewe. Mtoto hawezi kujiombea. Sharti mtu mwingine amsemee, na mtu huyo atie sahihi yake.

Wazazi wengi huona jambo hili ni usumbufu mtupu. Leo wanaambiwa walete cheti cha kuzaliwa, kesho barua ya baba, kesho kutwa kitambulisho cha mama. Huuliza, "Mtoto ni wangu, mbona naulizwa maswali kama mwizi?" Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia. Basi tulitafute.

1. Zamani za kusafiri bila kitabu

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, watu wengi wa Ulaya walisafiri kutoka nchi moja hadi nyingine bila pasipoti. Aliyekuwa na nauli alipanda merikebu akaenda zake. Watoto nao walikwenda hivyo hivyo.

Tarehe 1 Januari 1892 serikali ya Marekani ilifungua kituo kipya cha kupokea wahamiaji katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Mtu wa kwanza kuandikwa katika kituo hicho alikuwa msichana wa miaka 17, jina lake Annie Moore, kutoka Cork nchini Ireland. Alikuwa pamoja na ndugu zake wawili wa kiume, wadogo kuliko yeye. Wazazi wao walikuwa wametangulia Marekani. Watoto hao watatu walivuka bahari bila baba wala mama. Annie alipewa zawadi ya sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Kwao safari ilikwisha kwa heri, maana wazazi walikuwa wakiwangoja. Je, mtoto asiyengojewa na mtu? Mtoto wa namna hiyo angeweza kuchukuliwa na yeyote, akatiwa kazini au mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo mwaka 1907 Marekani ilitunga sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 16, asiyefuatana na baba wala mama, aweza kuzuiwa asiingie nchini. Hapo twaona serikali inaanza kuuliza: mtoto huyu ni wa nani?

2. Mtoto ndani ya kitabu cha baba

Vita vilipoanza mwaka 1914, serikali ziliogopa wapelelezi, yaani watu wanaotumwa kuchungua siri za nchi. Zikaanza kudai pasipoti kwa kila mgeni. Mwaka 1915 Uingereza ilianza kutaka picha ya mwenye pasipoti ibandikwe ndani yake. Vita vikaisha mwaka 1918, lakini pasipoti haikuondoka.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1920 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Paris, chini ya Shirikisho la Mataifa, wakapatana juu ya umbo moja la pasipoti. Walisema iwe kitabu cha kurasa 32. Umbo hilo ndilo mzazi wa pasipoti tuzionazo leo.

Mtoto alikuwa wapi katika kitabu hicho? Kwa kawaida aliandikwa katika ukurasa mmoja wa pasipoti ya baba au mama: jina lake na umri wake, basi. Mambo yalikuwa mepesi na gharama ilikuwa ndogo. Lakini fikirini, wasikilizaji. Mtoto hana kitabu chake. Hana picha yake. Baba na mama wakigombana, mmoja wao aweza kuchukua kitabu chake na mtoto, akavuka mpaka usiku mmoja. Afisa wa mpakani akitazama karatasi ataona kila kitu kimo sawasawa. Aliyeshika kitabu ndiye aliyemshika mtoto.

3. Sahihi iliyookoa maisha

Sasa twende Ujerumani, mwaka 1938. Serikali ya Hitler ilikuwa ikiwatesa Wayahudi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilitangua pasipoti zao zote, na zile zilizorudishwa zilipigwa chapa ya herufi J, nyekundu, ili mpaka wowote wajulikane. Usiku wa tarehe 9 Novemba na siku iliyofuata, nyumba zao za ibada zilichomwa moto, maduka yao yakavunjwa, na maelfu ya wanaume wakafungwa kambini. Kila mwenye nafasi alitaka kukimbia, lakini nchi nyingi zilifunga milango. Zilidai karatasi ambazo watu hao hawakuweza kuzipata.

Uingereza ilikubali kuwapokea watoto wa chini ya miaka 17. Kwa ajili yao iliacha kudai pasipoti na visa, yaani ruhusa ya kuingia nchini. Kila mtoto alipewa kadi maalum yenye jina na picha yake, na hiyo ilitosha. Wenye kuwadhamini walitakiwa kuweka paundi 50 kwa kila mtoto, za kumrudisha kwao baadaye.

Watoto wa kwanza, kama 200 hivi, walifika bandari ya Harwich tarehe 2 Desemba 1938. Kila mmoja alikuwa na sanduku dogo, na shingoni namba iliyoandikwa juu ya kipande cha karatasi ngumu. Wazazi waliwasindikiza hadi stesheni ya gari la moshi, na mahali pengine hawakuruhusiwa hata kufika pale watoto wanapopandia. Safari hizo ziliendelea mpaka vita vilipoanza mwezi wa Septemba mwaka 1939. Watoto kama 10,000 waliokolewa. Wengi wao hawakuwaona wazazi wao tena, maana wazazi waliuawa.

Katika Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, Mwingereza mmoja, Nicholas Winton, na wenzake walipanga safari za watoto 669. Gari la moshi la mwisho lilikuwa liondoke tarehe 1 Septemba 1939, na watoto kama 250 ndani yake. Siku hiyo Ujerumani iliivamia Poland. Gari halikuondoka.

Hapa tuna jambo la kushika. Karatasi zikizidi, mtoto aweza kufa akingoja mhuri. Wale waliopona walipona kwa sababu serikali moja ilipunguza karatasi. Hata hivyo sharti moja halikuachwa: kila mtoto alikuwa na jina lake, picha yake, na mtu wa kumpokea.

4. Sahihi ambazo hazikuombwa

Kuna habari nyingine, na hii ni chungu kwa namna yake. Tangu mwaka 1869 vyama vya Uingereza vya kulea watoto maskini vilianza kuwapeleka watoto ng'ambo, bila wazazi, wakae huko daima. Kanada peke yake ilipokea watoto wapatao 100,000. Wengine walipelekwa Australia. Hata Afrika ilihusika: tangu mwaka 1946 watoto wa Kiingereza walipelekwa katika shule moja karibu na Bulawayo, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Safari za Australia ziliendelea mpaka miaka ya 1960.

Wenye vyama walisema wanawapa watoto maisha mema. Lakini yalikuwapo na makusudi mengine: kupunguza gharama za kuwalea, na kuzijaza nchi za ng'ambo watu weupe wa asili ya Uingereza. Watoto wengi hawakuwa yatima. Mama zao walikuwa hai, nao waliwaweka katika nyumba za malezi kwa sababu ya umaskini, wakitumaini kuwachukua mambo yakitengenea. Mama akirudi aliambiwa mtoto amechukuliwa na watu wema. Mtoto naye aliambiwa mama yake amekufa. Huko walikokwenda wengi walifanyishwa kazi ngumu za mashamba, na baadhi walipigwa na kutendewa maovu.

Je, hawakuwa na karatasi? Walikuwa nazo. Walipanda merikebu kwa utaratibu kabisa. Tena Australia ilitunga sheria mwaka 1946 iliyomfanya waziri wa uhamiaji kuwa mlezi wao kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo palikuwa na sahihi ya chama na sahihi ya serikali. Sahihi ya mama ndiyo ambayo mara nyingi haikuombwa.

Mwaka 1986 mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii mjini Nottingham, Bibi Margaret Humphreys, alipokea barua kutoka Australia. Mwandishi wake alikuwa mwanamke aliyesema kwamba alipelekwa huko kwa merikebu alipokuwa na miaka minne, na sasa anatafuta kwao. Bibi Humphreys alianza kupekua vitabu vya vyeti vya kuzaliwa, na humo akawapata wazazi wa watu waliodhani hawana mtu duniani. Wengine walikutana na mama zao wakiwa wazee. Wengine walichelewa, wakakuta makaburi. Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, aliomba radhi mbele ya watu tarehe 16 Novemba 2009. Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, aliomba radhi tarehe 24 Februari 2010.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto si mali, lakini naye bila cheti aweza kupotea bila habari. Na cheti ndicho kilichowarudishia wengine kwao.

5. Kanuni za leo

Kutokana na mambo kama hayo, mataifa yalibadili taratibu. Mwaka 1980 mkutano wa The Hague, nchini Uholanzi, ulitoa mapatano ya kumrudisha upesi mtoto aliyevushwa mpaka na mzazi mmoja bila haki. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao unazitaka serikali zizuie watoto kupelekwa ng'ambo isivyo halali. Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Pasipoti nazo zikabadilika. Uingereza, kuanzia tarehe 5 Oktoba 1998, iliacha kuandika watoto wapya katika pasipoti za wazazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilimaliza desturi hiyo mwaka 2012. Marekani tangu mwaka 2001 ilitaka idhini ya wazazi wote wawili kwa mtoto wa chini ya miaka 14, halafu mwaka 2008 ikapandisha umri huo hadi miaka 16. Afrika ya Kusini, mwezi wa Juni mwaka 2015, ilidai kila mtoto msafiri awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya baba na mama. Familia nyingi zilirudishwa kutoka viwanja vya ndege, wafanya biashara ya watalii wakalalamika, na baadaye kanuni hiyo ikalegezwa. Hivyo kutafuta kipimo kizuri, kati ya kulinda na kuzuia, hakujaisha.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Kanuni hubadilika, kwa hiyo mwenye safari aulize ofisini mapema. Lakini mambo haya yafaa kila mzazi ayafanye, hata asiye na safari:

Kwanza, mwandikishe mtoto upesi baada ya kuzaliwa, ukatunze cheti chake mahali pakavu.

Pili, soma vizuri majina katika cheti. Herufi moja iliyokosewa leo ni shida kubwa ya kesho.

Tatu, kama unamlea mtoto wa ndugu yako, tafuta idhini ya maandishi wakati wazazi wapo. Neno la mdomo halivuki mpaka.

Nne, mtu akija na ahadi ya kumpeleka mtoto wako ng'ambo kusoma au kufanya kazi, usitie sahihi kabla hujasomewa karatasi yote na kujua nani atampokea, na wapi.

Basi, tulirudie swali letu. Mzazi huulizwa kwa sababu wako wazazi ambao hawakuulizwa, na watoto wao wakapotea. Karani akiomba sahihi yako, anaomba ile ambayo mama wale hawakuombwa. Ndiyo sababu kusoma na kuandika mnakojifunza katika darasa hili ni kazi kubwa: mwenye kusoma anachotilia sahihi humlinda mwanawe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kuandika mtoto katika pasipoti ya mzazi kulikuwa na hatari?
2. Mwaka 1938 Uingereza iliacha kudai karatasi gani, na ilibakiza sharti gani?
3. Watoto waliopelekwa Australia walikuwa na karatasi. Kilichokosekana ni nini?
4. Katika darasa lenu, ni wangapi ambao watoto wao wote wana vyeti vya kuzaliwa? Wasio navyo wamezuiwa na nini?