Mafiga Matatu na Mtu wa Katikati

Kila uchaguzi unapokaribia hapa kwetu, watu wenye kujua mambo husema neno lile lile. Husema kwamba wakereketwa wa pande zote wanajulikana, kura zao zimekwisha hesabiwa hata kabla hazijapigwa, na kwamba mwamuzi wa kweli ni mtu wa katikati: yule asiye na kadi ya chama, asiyevaa fulana ya mtu, ambaye husikiliza kwanza kisha huamua. Mtu huyu, tunaambiwa, leo yuko huku na kesho atavuka kwenda kule. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kama walimu wengi wa rika langu nimeketi katika vituo vya kupigia kura na kuhesabu karatasi kwa mwanga wa karabai. Swali ambalo sijaacha kujiuliza ni hili: je, mtu huyo yupo? Na kama yupo, je, huvuka kweli?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1958 na 1959 Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na uchaguzi ule ulitungwa makusudi kwa ajili ya mtu wa katikati. Aliyetaka kupiga kura ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe na wadhifa uliotajwa katika sheria. Katika nchi ya watu karibu milioni 9 walioandikishwa hawakufika 60,000. Hao ndio waliohesabiwa kuwa watu wa kiasi: makarani, walimu, wafanyabiashara, wakulima wenye mali. Tena kila mmoja wao alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi isiyojazwa nafasi zote tatu iliharibika. Chama cha UTP kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, na hesabu yake ilikuwa kwamba watu wa kiasi wa kila rangi watakutana katikati na kuwachagua watu wa kiasi wenzao.

Ndani ya TANU wengi walitaka kuususia uchaguzi wenyewe, kwa kuwa kura tatu zilikuwa tusi kwa Waafrika walio wengi. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ule uliokuja kuitwa wa Uamuzi wa Busara, nusura ukipasue chama. Mwalimu Nyerere akawashawishi wakubali kuingia. Matokeo yakawa kinyume kabisa cha yale waliyotazamia waliotunga sheria. Kwa kuwa kila Mwafrika mwenye kura alilazimika kumchagua pia Mzungu na Mwasia, alichagua wale ambao TANU iliwakubali. Ndivyo walivyoingia Barazani Derek Bryceson, Lady Chesham, Sophia Mustafa, Amir Jamal na wengineo. UTP haikupata hata kiti kimoja.

Mtu akitazama juu juu ataona kwamba hakuna uchaguzi ambao wapiga kura wetu walivuka mipaka kama ule. Mwafrika wa Arusha alimpigia kura mama wa Kihindi. Lakini je, alivuka? Mipaka aliyovuka ni ya rangi. Ule wa chama hakuuvuka hata kidogo. Alifuata chama chake hadi kwa mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona. Sheria iliyotungwa ili watu wasahau kambi zao ndiyo iliyowafundisha kukaa ndani ya kambi vizuri zaidi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki ndicho kinachonivutia. Huko Mbulu, Herman Sarwatt aligombea kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo, akamshinda. Watu wanaotafuta mtu wa katikati katika historia yetu hupenda kumtaja Sarwatt. Mimi naona wanakosea. Sarwatt mwenyewe alikuwa mwana-TANU, na waliompigia kura hawakuikataa TANU. Walikataa kuchaguliwa mgombea na watu wa mbali. Walibaki ndani ya nyumba ile ile, wakahama chumba tu.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wakati karibu kila jimbo lilipopewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Wananchi walimpa Nyerere kura za ndiyo kwa wingi mkubwa, na siku hiyo hiyo watu wa Mwanza wakamwangusha Waziri wake wa Fedha, Paul Bomani. Alipokosekana chama cha pili cha kuvukia, watu walionyesha uhuru mkubwa kupita wanaouonyesha vyama vinapokuwa kumi na tano. Jambo hilo lingestahili kitabu chake, na sitalifuata zaidi hapa.

Sasa tuje kwenye vyama vingi. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza, na takriban watu wanane katika kila kumi walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.82, na Augustine Mrema, aliyekuwa ametoka CCM mwezi wa pili wa mwaka ule ule, akapata asilimia 27.77. Hapo kila mtu alisema: tazameni, watu wamevuka! Wanavutwa na mtu, si chama.

Yeyote aliyehesabu kura anajua kwamba jambo hili halionekani kwa macho. Karatasi ya rais huingia sanduku lake, ya mbunge lake na ya diwani lake. Zikishamwagwa mezani hakuna ajuaye ipi ilishikwa na mkono upi. Kinachowezekana ni kulinganisha jumla. Basi tulinganishe. Wagombea ubunge wa NCCR-Mageuzi, chama cha Mrema, walipata asilimia 21.83 ya kura zote za ubunge. CHADEMA, ambayo haikuweka mgombea urais mwaka ule na ilimuunga mkono Mrema, ilipata asilimia 6.16. Jumlisha: asilimia 27.99. Mrema 27.77. Kwa mtu aliyetikisa nchi, ambaye gari lake lilisukumwa na vijana barabarani, tofauti ni ndogo mno. Lazima niseme kwamba jumla huweza kuficha mengi: watu wa hapa wakivuka kwenda kule na wa kule wakavuka kuja huku, hesabu husawazika na sisi tusione kitu. Tena Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika ukarudiwa Novemba, na wapinzani wengi wakajitoa. Hata hivyo ushahidi wa umati mkubwa uliomchagua Mrema kwa rais na CCM kwa mbunge haupo katika tarakimu hizi.

Mrema mwenyewe alihamia TLP mwaka 1999. Mwaka 2000 alipata asilimia 7.80, na mwaka 2005 hakufika hata asilimia moja.

Wamarekani, ambao husifika kwa kuwa na wapiga kura wengi wanaojiita huru, walikwisha kulichunguza jambo hili. Mwaka 1992 wataalamu sita, akiwamo Raymond Wolfinger wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanaojiita huru huegemea chama fulani, na siku ya kura hukipigia chama hicho karibu sawa na wenye chama. Waliobaki, walio huru kweli kweli, ni wachache, na wengi wao hawajitokezi kupiga kura. Nilipokutana na hoja hiyo kwa mara ya kwanza niliiona ni ya huko huko kwao. Tarakimu zetu za 2005 na 2010 zilinifanya niitazame upya.

Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952, yaani asilimia 80.28. Mwaka 2010 alipata 5,276,827. Amepoteza kura zaidi ya milioni 3.8 katika miaka mitano. Zilikwenda wapi? Mazungumzo ya mitaani wakati ule yalikuwa kwamba zimekwenda kwa Dakta Slaa. Lakini wapinzani wote kwa pamoja, wakubwa na wadogo, waliongeza kura takriban 880,000 tu kutoka 2005. Hata tukikubali kwamba kila moja ya hizo ilitoka kwa mtu aliyempigia Kikwete awali, jambo ambalo si kweli kwa kuwa kulikuwa na vijana waliofikia umri, bado zinabaki kura karibu milioni 3 ambazo hazikwenda kwa yeyote. Waliojitokeza kupiga kura mwaka 2005 walikuwa asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 43 hivi. Daftari lilikuwa na majina ya marehemu na ya waliohama, nakubali, lakini marehemu hawatoshi kujaza pengo hilo.

Hapa ndipo ninapomwona mtu wa katikati. Alipochoka na chama chake hakuvuka. Alikaa nyumbani, akapalilia shamba lake, akasema wote ni wale wale. Wanasiasa wetu humsubiri kwenye daraja, naye hajafika hata mtoni.

Mwaka 2015 ulikuja mtihani mzuri kuliko wote. Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alienguliwa katika vikao vya CCM Dodoma mwezi wa Julai, na kabla mwezi haujaisha alikuwa CHADEMA. Kama kuna wakati wana-CCM walipewa sababu ya kuvuka, na mtu wa kumfuata, ni huo. Lowassa alipata kura 6,072,848, asilimia 39.97, nyingi kuliko mpinzani yeyote kabla yake. Lakini John Magufuli alipata 8,882,935. Ukilinganisha na 2010, CCM iliongeza kura zaidi ya milioni 3.6 na wapinzani wote pamoja wakaongeza karibu milioni 3.2. Waliokuwa wamekaa nyumbani walirudi, wengine huku na wengine kule, pamoja na vijana wengi wapya. Wako waliovuka na Lowassa, sina shaka. Nawafahamu baadhi yao, na walirudi naye CCM mwaka 2019. Ila si wao waliojaza masanduku.

Chaguzi za 2020 na 2025 sizitumii katika hesabu hii. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na mahali ambapo upande mmoja wa mto umefungwa huwezi kusema nani kavuka na nani hakuvuka.

Zanzibar kuna somo kali zaidi. Mwaka 1959 Muhammad Shamte na wenzake waliotoka ASP waliunda ZPPP, chama kilichotaka kusimama kati ya ASP na ZNP. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Wale watatu wa katikati walipotakiwa wachague upande, walipasuka: wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, zikawa 11 kwa 11. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, na katika ghasia za siku zile watu 68 waliuawa. Mwaka 1995 Dakta Salmin Amour alipata asilimia 50.2 na Maalim Seif 49.8. Mwaka 2010, baada ya miaka 15, Dakta Shein alipata 50.1 na Maalim Seif 49.1. Kizazi kizima cha wapiga kura kilikwisha kuingia, na mstari ulikuwa palepale.

Je, basi hakuna avukaye? Wapo, na mimi nimewaona mahali ambapo wachambuzi hawatazami: kwenye sanduku la diwani. Katika vituo nilivyosimamia, mara nyingi diwani alipata kura nyingi kuliko mgombea urais wa chama chake. Ni jirani, amezika na watu, anajulikana kama hela za zahanati alizila au hakuzila. Hapo kadi hupungua nguvu. Na vyama vinalijua hilo. Kaulimbiu ya mafiga matatu iliyoimbwa na CCM katika kampeni za 2005 na 2010, kwamba rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja ili chungu kisimame, ilitungwa na watu waliokuwa na hofu. Hakuna anayejenga uzio mahali asipopita mbuzi.

Uzio mwingine umo ndani ya sheria. Tangu 1992 Katiba inamtaka kila mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hilo mahakamani, na Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994. Bunge likaibadili Katiba ili kizuizi kisimame imara zaidi. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, si la mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kumzuia mgombea binafsi. Mtikila alifariki mwaka 2015, na uchaguzi wa 2025 ulifanyika chini ya kizuizi kile kile. Leo Sarwatt wa Mbulu asingepewa hata fomu.