Mzigo Mmoja, Majina Mengi: Historia ya Neno "Charge" na Wajibu wa Mfasiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wetu, neno "charge" lina nafasi ya pekee. Hakimu hulikuta katika hati ya mashtaka. Karani wa benki hulikuta katika taarifa ya hesabu ya mteja. Muuguzi huliona juu ya mlango wa msimamizi wa wodi, na fundi wa redio huliona ubavuni mwa betri. Afisa wa ardhi hulisoma katika hati ya kiwanja, na mwalimu wa historia hulisoma katika habari za vita vya wapanda farasi. Wote hawa wanasoma neno lile lile, na kila mmoja analihitaji kwa maana yake.

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi neno hilo lilivyopata maana hizo zote, na kutazama Kiswahili kimezipokea kwa njia gani. Suala hili halihusu wapenzi wa historia ya maneno peke yao. Kama itakavyoonekana hapa chini, uhuru wa raia na fedha yake huweza kutegemea uangalifu wa mtu aliyeketi mezani na kutafuta neno la kuweka mahali pa "charge".

Asili ya Neno

Waroma wa kale waliliazima neno "carrus", lenye maana ya gari la kukokotwa, kutoka kwa Waselti wa Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Katika Kilatini cha zama za baadaye neno hilo lilizaa kitenzi "carricare", yaani kupakia mzigo garini. Wafaransa wakakirithi kitenzi hicho na kukitamka kwa namna yao. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, nalo neno likaingia katika Kiingereza pamoja na maneno mengine mengi ya utawala, jeshi na sheria.

Neno hili linao ndugu. "Carry", yaani kubeba, limetoka shina hilo hilo, na "cargo", yaani shehena, lilipitia Kihispania. Msomaji asidhani kuwa neno letu "gari" nalo ni la ukoo huo kwa sababu ya kufanana kwa sauti na maana. "Gari" lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, na halina uhusiano na lile la Waroma. Mfanano wa sauti ni shahidi asiyetegemewa.

Basi maana ya kwanza ya "charge" ni mzigo, na kitendo cha kumtwika mtu, mnyama au chombo mzigo huo. Maana nyingine zote ni matawi ya shina hili.

Kutoka Bunduki Hadi Umeme

Tawi la kwanza ni la silaha. Bunduki za kale zilijazwa kwa mdomo: baruti ilitiwa, ikashindiliwa, kisha risasi ikafuata. Kiasi hicho cha baruti kiliitwa "charge", kwa kuwa ndicho mzigo wa bunduki. Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa kazi hii: gobori hushindiliwa. Wazee wetu hawakuhitaji kuazima, kwa sababu kazi yenyewe waliijua.

Mpanda farasi naye alipouelekeza mkuki wake mbele tayari kwa kumkabili adui, alisemekana ameu-"charge" mkuki. Baadaye neno likahama kutoka kwenye silaha likashika mwendo wenyewe, yaani kumkimbilia adui kwa kishindo. Ndiyo maana tunalikuta katika habari za mapigano ya Balaklava ya tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea. Hapo Kiswahili kinataka "shambulio" au "kushambulia kwa kasi", na picha ya mzigo imekwisha kusahauliwa.

Katika miaka ya 1740 wataalamu wa Ulaya na Amerika walivumbua na kuchunguza chupa iliyoweza kuhifadhi umeme. Benjamin Franklin, alipoandika juu ya majaribio yake, aliitazama chupa hiyo kama bunduki: hujazwa, kisha hufyatuka kwa mshindo. Akatumia neno la bunduki, "charge". Chupa kadhaa zilizounganishwa pamoja akaziita "battery", jina la kundi la mizinga. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba betri ya simu yake imeisha chaji anatumia, bila kujua, maneno mawili ya askari wa mizinga.

Hapa inafaa kutua kidogo. Kiarabu cha leo, kilipohitaji neno kwa jambo hili, kilirudi kwenye mzigo wake chenyewe. Shina linalotaja kupakia bidhaa melini ndilo linalotaja pia kutia umeme katika betri. Na shina hilo Kiswahili tunalo tangu zamani: ndilo lililotupa "shehena". Njia ya kuita umeme uliohifadhiwa kuwa ni shehena ilikuwa wazi mbele yetu, lakini wasemaji hawakuipita. Walichukua "chaji" na kuliingiza katika sarufi yao, wakapata kuchaji, kuchajisha na kuchajia. Shehena ikabaki bandarini.

Hatuna sababu ya kusikitika. Lugha iliyoacha shehena kwa meli na chaji kwa betri imepata maneno mawili kwa vitu viwili. Mwanafunzi wa fizikia anayesoma juu ya chaji hasi na chaji chanya hatatishwa na kivuli cha mzigo wala cha shtaka. Neno la kuazima limeingia likiwa na maana moja tu, na wembamba huo wa maana ndio sifa njema ya istilahi.

Dhamana ya Mtu na Kazi

Mzigo huweza pia kuwa wa jukumu. Aliyekabidhiwa watoto, wagonjwa, wafungwa au ofisi husemwa kwa Kiingereza kuwa yuko "in charge". Kiswahili nacho kinaijua picha hiyo, kwani husemwa kuwa mtu ametwikwa madaraka au amebebeshwa dhamana. Lakini kwa vyeo tumefuata njia nyingine. Katika Tanzania tunao mganga mfawidhi, hakimu mkazi mfawidhi na jaji mfawidhi. Neno "mfawidhi" limetokana na Kiarabu, na kiini chake ni kumkabidhi mtu mamlaka. Kiingereza kinautazama uzito ulio begani mwa mhusika. Kiswahili kinautazama mkono uliomkabidhi kazi, na hivyo kinamkumbusha mfawidhi kwamba mamlaka aliyo nayo yametoka kwingine.

Hata hivyo, si kila aliye "in charge" ni mfawidhi. Anayeongoza kituo cha polisi ni mkuu wa kituo. Anayesimamia zamu ni msimamizi wa zamu. Na mwanadiplomasia anayeongoza ubalozi wakati balozi hayupo, ambaye jina lake la Kifaransa lina maana ya aliyetwikwa shughuli, sisi humwita kaimu balozi. Mfasiri hana budi kukijua cheo kwanza, ndipo atafute neno.

Mzigo wa Fedha

Katika malipo umaskini wa Kiingereza na utajiri wa Kiswahili huonekana wazi. Kiingereza huweza kuita "charge" karibu kila fedha inayotakiwa kwa huduma. Kiswahili huuliza kwanza: fedha ya nini? Ya safari ni nauli. Ya shule ni ada, na kwa wenzetu wa Kenya ni karo. Ya bidhaa sokoni au forodhani ni ushuru. Ya nyumba ni kodi, na ya serikali pia ni kodi. Ya kibarua ni ujira. "Tozo", lililotokana na kutoza, lilienea vinywani mwa watu mwaka 2021, Tanzania ilipoanzisha tozo katika miamala ya fedha kwa simu.

Mtumishi anayetafsiri tangazo asikimbilie kuandika "gharama" kila mahali. Gharama ni jumla ya kinachotumika, ilhali malipo yanayodaiwa na ofisi yana jina lake, na mwananchi ana haki ya kulijua ili atambue kama anatozwa kwa sheria au kwa matakwa ya mtu. Vilevile, huduma isiyolipiwa ni bora iandikwe kuwa inatolewa "bila malipo". Neno "bure" ni sahihi, lakini lina maana nyingine ya kukosa faida, kama tusemapo kazi bure.

Katika ardhi mzigo huwekwa juu ya mali yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 hutumia "charge" kwa dhamana ya mkopo iliyowekwa juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 hutumia "mortgage". Mwananchi wa kila upande huweza kuelewa kwa neno moja: rehani. Hapa maneno mawili ya Kiingereza yanakutana katika neno moja la Kiswahili, jambo linalotukumbusha kwamba hesabu ya maneno hailingani kutoka lugha hadi lugha.

Mahakamani

Tawi la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kumshtaki mtu, kwa fikra ya Kiingereza, ni kumtwika mzigo wa tuhuma. "Shtaka" la Kiswahili limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kulalamika. Neno la Kiingereza linamtazama mtuhumiwa na mzigo wake; neno letu linamsikiliza aliyeumizwa na kilio chake. Maneno hayo mawili yameanzia pande mbili yakakutana kizimbani.

Ugumu unaanza neno linapopewa kiambishi cha kuondoa na kuwa "discharge", yaani kumtua mtu mzigo. Meli hupakuliwa. Mgonjwa huruhusiwa kutoka hospitali. Kidonda hutoa usaha. Mdaiwa humaliza deni, na mtumishi hutekeleza wajibu. Haya yote hayamdhuru mtu akiwa mfasiri ni makini kidogo. Lakini mshtakiwa je?

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania ya mwaka 1985, upande wa mashtaka ukiondoa shtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko hakuzuii asishtakiwe tena kwa jambo lile lile. Shtaka likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, mahakama humwondolea hatia. Kiingereza kina maneno mawili kwa hali hizi mbili: "discharge" na "acquittal". Katika Kiswahili cha kila siku zote mbili husemwa kwa maneno mamoja: "ameachiwa huru". Kwa hiyo mtu huweza kutoka mahakamani akishangiliwa na jamaa zake, kisha akakamatwa tena mlangoni, naye akaona amedhulumiwa. Huenda sheria haikuvunjwa. Kilichokosekana ni neno la kumweleza kwamba mzigo wake umewekwa kando tu, haujatupwa.

Inapendekezwa basi kwamba "kuachiwa huru" litengwe kwa yule ambaye mahakama imemwondolea hatia. Kwa mwingine isemwe "shtaka limeondolewa", na katika hati rasmi iongezwe "bila kuzuia kushtakiwa upya". Maneno ni marefu, lakini urefu huo ni nafuu kuliko mshangao wa mlangoni.

Funzo la Historia

Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na tatizo kama letu. Baada ya mwaka 1066, kesi za mahakama zao kuu zilikuja kuendeshwa kwa Kifaransa, na kumbukumbu kuandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 sheria iliagiza hoja za kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa hakikueleweka na wengi; na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Hata hivyo Kilatini na Kifaransa cha wanasheria vilidumu katika maandishi, hadi sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733 ilipoagiza Kiingereza kitumike. Maneno kama "charge" yalibaki yakiwa masalio ya safari hiyo, na mizigo ya maana iliyobandikwa juu yake ni alama za njia ndefu iliyopitiwa.

Kwetu Tanzania, Mahakama za Mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, ilhali mahakama za juu ziliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa hiyo kazi iliyowachukua Waingereza karne nyingi sasa iko mezani petu, na tunayo nafasi ya kuifanya kwa uangalifu zaidi. Hatulazimiki kurithi utatanishi wa lugha nyingine pamoja na sheria zake.

Mfasiri akutanapo na "charge", na ajiulize maswali matatu: ni mzigo gani, nani ameutwika, na nani anaubeba? Majibu yatamwelekeza kwenye shtaka, ada, dhamana, rehani, shambulio au chaji. Asipouliza, atashika neno la kwanza lililo katika kamusi na kuendelea na safari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno lililokosewa ni jepesi mikononi mwa aliyeliandika, na uzito wake hujulikana kwa yule aliyesimama kizimbani au dirishani pa malipo.