Ndugu Waliotembea Nuruni

Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikokuwa akihudumu katika hospitali changa ya misheni ya Kianglikana wakati wa njaa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Jina lake Simeoni Nsibambi, mtu wa ukoo wenye ardhi na mfanyakazi wa idara ya afya ya serikali. Kwa siku mbili wakasoma Biblia pamoja, wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu kitabu hadi kitabu, na wakaomba. Mzungu na Mwafrika kuomba wakiwa sawa, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, lilikuwa jambo geni katika koloni lolote la miaka ile.

Kilichowakera wote wawili kilionekana wazi Buganda. Tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na tangu vijana wa ikulu wachomwe moto Namugongo mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao, imani ile ya wafia dini ilikuwa imepanda cheo. Ubatizo, shule ya misheni na uchifu vilikwenda pamoja. Mtu alibatizwa, akapewa jina la Biblia, akapata kazi ya karani, na nyumbani akaendelea na pombe, wake wengi na mganga wake. Mchungaji naye alinyamaza, kwa kuwa mwenye mambo hayo mara nyingi ndiye mkubwa aliyetoa kiwanja cha kanisa.

Wakristo wa karne za kwanza walijitenga na jamii isiyomjua Kristo. Nsibambi na wenzake walijikuta wakijitenga na jamii iliyokwisha kujiita ya Kikristo, na hilo lina ugumu wake wa pekee. Mpagani akikusikia ukihubiri anaweza kushangaa. Mkristo mwenzako anaona umemtukana.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akavua viatu, akabaki na kanzu, akawa anawahubiria watu njiani. Wengine aliwatuma Gahini wakafanye kazi na Church, akiwemo mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekwenda kufundisha. Miaka michache ya kwanza ilikuwa ya ugomvi. Wauguzi wa hospitali, wakiongozwa na msaidizi mkuu Yosiya Kinuka, hawakutaka kuhubiriwa na walimu, wala walimu hawakuwaamini wauguzi. Kinuka alikwenda Kampala akazungumza na Nsibambi, akarudi mtu mwingine, akaanza kuungama. Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika Gahini baada ya Krismasi, mmoja alisimama akataja dhambi zake kwa sauti, akafuata mwingine, na mwingine, na saa zikapita. Wengi huhesabu Uamsho wa Afrika Mashariki tangu siku hiyo.

Yaliyofuata yaliwashtua maofisa wa serikali kuliko mahubiri yoyote. Watu walianza kurudisha vitu. Wa hospitali walirudisha mali ya hospitali, makarani walirudisha fedha, waliokwepa kodi walikwenda kwa chifu wakajitaja wenyewe. Mume alimweleza mkewe uzinzi wake. Wamisionari kadhaa waliwaungamia Waafrika dhambi ambayo kanisani haikuwa ikitajwa kabisa, kiburi cha rangi. Wenyewe walikuita huku kutembea nuruni, wakifuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Mtu hakuachiwa pembe ya maisha yake ya kujifichia. Walikutana kila juma kwenye ushirika, wakaitana ndugu pasipo kujali kabila, wakaimba Tukutendereza hadi wimbo huo ukawa kitambulisho chao kutoka Rwanda hadi pwani ya Kenya. Watu waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na mwanzoni jina hilo lilitamkwa kwa dhihaka. Waswahili wakalichukua wakasema walokole.

Nyumbani gharama ilikuwa kubwa. Mlokole hakunywa pombe, na katika nchi ambako kesi, harusi na msiba vilipita kwenye mtungi wa pombe, kukataa kunywa kulikuwa kukataa undugu. Hakushiriki matambiko ya mizimu. Kwa hiyo baba mzazi angeweza kumkana, na wazee wa ukoo kumhesabu kuwa amekufa. Kigezi na Ankole, magharibi mwa Uganda, machifu walilalamikia nyimbo zao za usiku, na wapo waliofungwa.

Kigozi hakuishi kuona haya yote. Januari 1936 alikwenda Uganda akiwa na maswali ya kuiuliza sinodi ya Kanisa lake, likiwemo la kwa nini watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanakaribishwa kwenye meza ya Bwana. Homa ya papasi ilimuua kabla hajasimama kuyauliza. Maswali hayakufa. Mwaka 1941 yalipasuka katika chuo cha theolojia cha Mukono, pale wanafunzi walipokuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuwahubiria wenzao na walimu wao. Mkuu wa chuo alipiga marufuku, wao wakakataa kutii, na 26 wakafukuzwa. Kiongozi wao alikuwa William Nagenda, kijana aliyekuwa ameacha kazi ya serikali Entebbe. Hakupata upadri maisha yake yote.

Waliofukuzwa wangeweza kuanzisha kanisa lao. Mifano ilikuwepo tele, na wafuasi wasingekosekana. Karibu wote walibaki wakikaa kwenye mabenchi ya Kanisa lililowafukuza. Walijitenga bila kuondoka. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote waliyofanya, kwa maana mtu akitoka hamtesi tena yeyote kwa uwepo wake. Si wote walioweza. Nyanza ya Kenya, kwa mfano, ushirika uligawanyika, na mwaka 1957 Matthew Ajuoga akaondoka na wafuasi wake wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika.

Uamsho ulifika Kabete, Kenya, mwaka 1937, na muda mfupi baadaye ukavuka hadi Katoke, magharibi ya Ziwa Victoria upande wa Tanganyika. Bukoba ulimgusa kijana wa Kilutheri, Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mei 1955 huko Namirembe, Yohana Omari wa Dodoma na Obadia Kariuki wa Gikuyu, wote ndugu wa Uamsho, waliwekwa wakfu kuwa maaskofu siku moja.

Kariuki alirudi kwenye nchi iliyokuwa ikivuja damu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Waasi wa Mau Mau, wengi wao Wakikuyu, walikuwa na madai ya haki: ardhi yao ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na vijana wao wakageuzwa vibarua kwenye mashamba ya babu zao. Kiapo kiliwaunganisha. Ndugu wa ushirika walikataa kukila. Walisema wameinywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza damu ya mbuzi juu yake. Kwa jibu hilo walikatwa mapanga, wakanyongwa, wakachomewa nyumba.

Serikali ikadhani imepata marafiki, ikawapa bunduki. Wengi wakazikataa pia. Hawakutaka kuingia kwenye kikosi cha walinzi wa kijiji kwenda kuwaua Wakikuyu wenzao. Tangu hapo mkuu wa wilaya akawashuku kuwa wanawaficha waasi, na msituni wakaitwa vibaraka wa wazungu. Kariuki mwenyewe alikuwa katikati ya yote, kwani yeye na Jomo Kenyatta, rais wa baadaye aliyekuwa kifungoni, walikuwa wameoa mabinti wa mzee mmoja, Chifu Koinange.

Lawama ya ukibaraka inafaa ipimwe. Ni kweli kwamba ndugu walisema machache mno juu ya wizi wa ardhi. Waliungama kuiba sabuni ya hospitali huku ekari elfu nyingi zilizoibwa zikiwazunguka pande zote, na huo ulikuwa upofu. Lakini mwaka 1969, miaka sita baada ya uhuru, waziri Tom Mboya alipouawa, kisha Wakikuyu wakasombwa kwa malori kwenda Gatundu kuapa kwamba urais hautatoka kwao, walokole walikataa tena. Safari hii mkoloni hakuwepo tena; kiapo kilifanyika nyumbani kwa rais wao, Kenyatta. Walipigwa, na wapo waliofariki kwa kipigo. Anayewaita vibaraka aeleze walikuwa vibaraka wa nani mwaka huo.

Uganda ilikuja na jaribu lake. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho Januari 1948, alikuwa Askofu Mkuu wakati Rais Idi Amin alipokuwa akiwamaliza Waacholi na Walango jeshini. Aliandika kupinga mauaji, pamoja na maaskofu wenzake, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa. Rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alivuka milima kwa miguu usiku na kuingia Rwanda. Mwaka uleule alitoa kitabu alichokipa jina la kusema kwamba anampenda Idi Amin, na jina hilo liliwakasirisha wengi. Kivengere hakuwa akimtetea muuaji. Alikuwa akifanya alichojifunza kwenye ushirika, kuanza na uchungu wa moyo wake mwenyewe.

Rwanda ndiko hesabu inakouma. Januari 1964, Watutsi walipokuwa wakiuawa, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, ndugu wa Uamsho, aliendelea kuwahudumia waliokimbia bila kuuliza kabila, hadi wanajeshi walipomchukua wakamuua. Miaka 30 baadaye Uamsho ulikuwa umelishinda Kanisa lililokuwa likiupinga. Lugha yake ya wokovu ilisikika kila mimbari, na wakubwa wa Kanisa walikuwa karibu na wakubwa wa nchi, kama Buganda ya mwaka 1929. Aprili 1994 mauaji yalipoanza, watu walikimbilia makanisani wakachinjwa humo, na baadhi ya maaskofu wakasimama kuitetea serikali iliyoyapanga. Israel Havugimana, Mhutu aliyekuwa amewakusanya Wahutu na Watutsi waombe pamoja, aliuawa mwanzoni kabisa.

Uamsho ulikuwa na nguvu ulipokuwa ukidharauliwa, ukazipoteza ulipopewa kiti cha mbele. Hayo ndiyo ninayoyasoma katika miaka hiyo zaidi ya 60, na sioni ushahidi wa kunifanya niseme vingine.

Majina niliyoyataja ni ya maaskofu na wahubiri kwa sababu wao ndio walioandikwa. Waliokataa kiapo Murang'a na Nyeri, waliofukuzwa na baba zao Ankole, wanawake waliosimama ushirikani wakasema kweli mbele ya waume zao, wengi hawakuandika chochote, na waliobaki hai ni wakongwe. Kama yupo mmoja kwenu, mwendee mwezi huu, mrekodi kwa lugha yake, na umwulize alikataa nini na kilimgharimu nini.