Dola Mlinzi

Aprili 1862, mjini Berlin, msoshalisti Ferdinand Lassalle aliwahutubia mafundi na wafanyakazi. Aliwashambulia mabepari wa siku zile, waliodai kwamba dola ipo kumlinda mtu na mali yake, basi. Dola ya namna hiyo akaibandika jina la mlinzi wa usiku, ambaye kazi yake yote ni kuzuia wezi. Ilikuwa kejeli, na ilikusudiwa iume. Lakini baadaye jina lile liliokotwa na wenye fikra zilizokejeliwa, na leo wanafalsafa wa siasa hulitumia bila dhihaka kuitaja serikali ambayo walibertari, yaani wanaotaka mtu asilazimishwe na dola ila kwa kulinda haki za wengine, wengi wao huiona halali: ina jeshi la kuzuia adui wa nje, polisi wa kuzuia wahalifu wa ndani, na mahakama za kuamua magomvi na kusimamia mikataba. Shule, hospitali, pensheni na bei ya sukari si kazi yake.

Kwa Kiswahili napendekeza dola mlinzi. Kuandika serikali ndogo, kama inavyotokea mara nyingi, ni kuipoteza maana. Serikali inaweza kuwa na watumishi wachache na bajeti finyu, na bado ikamlazimisha mkulima kuiuzia kahawa yake bodi moja tu, kwa bei iliyopangwa ofisini. Hiyo ni ndogo kweli, lakini kwa mlibertari imevuka mpaka mbali sana. Dola mlinzi nayo yaweza kuwa na jeshi kubwa na mahakama kila wilaya. Na nchi ambayo kesi ya shamba inalala mahakamani miaka nenda miaka rudi kwa kuwa mahakimu hawatoshi, haijaikaribia dola mlinzi hata kidogo. Imeshindwa kazi ile ile inayodaiwa. Kinachopimwa ni nguvu: nani analazimishwa, na kwa sababu gani.

Neno dola lina faida yake. Tukisema vyombo vya dola, kila mtu anaelewa polisi, jeshi na magereza. Hakuna anayefikiria zahanati. Ila yake ni kwamba dola ni sarafu pia, kwa hiyo mwandishi aziangalie sentensi zake. Ulibertari wenyewe nauacha kama ulivyotoholewa. Kuuita uliberali kunampotosha msomaji, maana huko Marekani, tangu karne iliyopita, liberali ni yule anayetaka serikali itoe huduma zaidi.

Aliyeipa dola mlinzi utetezi wake mzito zaidi ni mwanafalsafa Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1974, akimjibu mwenzake John Rawls aliyekuwa ameandika juu ya haki mwaka 1971. Chukua, asema, mgawanyo wowote wa mali unaouona wewe kuwa wa haki. Sasa Wilt Chamberlain, nyota wa mpira wa kikapu, anakubaliana na timu yake kwamba katika kila tiketi senti 25 ni zake. Mashabiki wanaingia uwanjani na kuzidondosha, kila mmoja kwa hiari yake, katika kisanduku chenye jina la Chamberlain. Wakiingia watu milioni moja, mchezaji ana dola za Kimarekani 250,000 ambazo wenzake hawana, na ule mgawanyo wa mwanzo umekwisha. Ni nani aliyedhulumiwa? Ukitaka kuurudisha, itabidi uingilie kila siku mambo ambayo watu wazima wamekubaliana wenyewe. Mimi naona hoja hii haijibiwi kwa kuonyesha tu kwamba maskini wapo. Anayeipinga lazima aseme ni hatua gani katika ule mlolongo iliyokuwa batili.

Ugumu wa kweli uko kwenye mshahara wa mlinzi. Nozick aliiona kodi ya mapato ya kazi kuwa sawa na kazi ya kulazimishwa. Basi polisi watalipwa na nini? Mwandishi Ayn Rand aliwabakisha polisi, jeshi na mahakama, lakini akataka michango iwe ya hiari. Mwanauchumi Murray Rothbard alikwenda mbali zaidi: ulinzi wenyewe, na hukumu pia, viuzwe na makampuni, dola iondoke kabisa. Upande wa pili wako wanauchumi Friedrich Hayek, aliyekubali kila mtu ahakikishiwe chakula na malazi ya msingi, na Milton Friedman, aliyependekeza mwaka 1962 wenye kipato duni wapewe fedha kupitia mfumo wa kodi. Wawili hawa hutajwa ovyo kuwa watetezi wa dola mlinzi. Hawakuwa.

Je, huduma ya wote yaweza kulipiwa bila kumlazimisha mtu? Mwaka 1974 mwanauchumi Ronald Coase alichunguza minara ya taa ya Uingereza. Vizazi vya wanauchumi walikuwa wameutumia mnara kama mfano wa kitu kisichoweza kujengwa ila na serikali, kwa kuwa meli huuona mwanga wake na kupita bila kulipa. Coase alionyesha kwamba minara mingi ilijengwa na watu binafsi, na ada ilikusanywa bandarini, hadi sheria ya 1836 ilipofungua njia ya kuinunua iliyobaki. Lakini wajenzi hao walishika hati za mfalme, na mara nyingi wakusanyaji walikuwa maofisa wa forodha. Mnara ulikuwa wa mtu binafsi. Mwenye meli hakuulizwa kama anataka kulipa.