Shokomzoba ya nyuma, kubadili urefu
Ni kufunga shokomzoba ndefu au fupi kuliko ya kiwandani. Urefu hupimwa kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini. Garsen, Kaunti ya Tana River, udongo wa delta hugeuka tope zito mvua zinyeshapo, na mwendesha bodaboda hutamani pikipiki iliyoinuka. Shokomzoba ndefu huinua nyuma, lakini uma wa mbele husimama zaidi, usukani ukawa mwepesi mno. Stendi ya pembeni nayo haitoshi. Kwa mfano, baiskeli ya milimani yenye uwiano wa 2.5, yaani gurudumu husogea mara 2.5 ya mwendo wa shokomzoba, huinuka nyuma takribani sentimita 2.5 kwa kila sentimita 1 iliyoongezwa. Fupi ni mbaya zaidi: ikibonyea, tairi linaweza kugonga madigadi. Penye shokomzoba mbili, zibadilishwe zote pamoja.