Ngitili za Wazee Wetu: Tulikotoka na Tunachopaswa Kulinda

Ndugu wana-Kolandoto, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila aliyekulia huku anaijua ngitili. Ni sehemu ya shamba la familia ambayo mzee aliifunga mvua zilipoanza, majani yakakua bila kuguswa, ikafunguliwa kiangazi kilipokolea. Walioingia kwanza ni maksai wa kulimia, ndama na ng'ombe wanyonyeshao. Humo tulipata pia kuni, dawa, fito za kujengea, ukwaju na ubuyu. Hapakuwa na seng'enge. Mpaka ulilindwa kwa heshima, na aliyeuvunja alijibu mbele ya dagashida, baraza letu la jadi.

Ngitili hizo zimepita katika mengi. Enzi za Waingereza, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Kisha pamba ikadai mashamba mapya na mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwangalizi. Miti ikaisha, akina mama wakatembea mbali zaidi kutafuta kuni, na mkoa wetu ukaitwa jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kupanda miche ya vitaluni. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipokubali walichokijua wazee: funga eneo, na visiki vitachipua vyenyewe. Mwaka 1986 zilikadiriwa kubaki hekta 600 tu za ngitili. Kufikia 2004 zilizidi hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, uliojumuisha pia maeneo ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu. Nyingi zilikuwa za familia, si za Serikali.

Leo hatari inatoka kwetu wenyewe. Kolandoto imo ndani ya Manispaa, na viwanja vinatafutwa. Mzee akifariki, warithi hugawana. Kila mmoja akipata kipande kisichotosha maksai wawili kwa kiangazi kimoja, kukiuza au kuchoma mkaa huonekana ndiyo njia pekee. Hatumlaumu anayetafuta ada ya mtoto. Lakini ngitili ikishakuwa viwanja, haifungwi tena wala haichipui tena.

Kwa hiyo tunaomba mchango wako wa mwaka huu uzisaidie familia zilizo tayari kuziacha ngitili zao bila kuzigawa: kupima mipaka, kuandika makubaliano ya warithi, na kupanda miembe na mikwaju pembeni. Usipokuwa na fedha, njoo nyumbani uketi na ndugu zako mkubaliane kabla mzee hajaondoka. Nalo hilo ni mchango.

Visiki bado vina uhai. Tusiving'oe sisi.