Uloto: kutoka Mulago hadi Dodoma

Mtu wa Mudende, kwenye miinuko ya viazi na ng'ombe juu ya Gisenyi, akibainika ana saratani ya damu, huenda akapelekwa Butaro, wilayani Burera. Kituo cha saratani cha huko kilifunguliwa Julai 2012 na serikali ya Rwanda pamoja na Partners In Health. Dawa za saratani zipo. Kupandikizwa uloto ni hatua nyingine, na historia yake imepita jirani kabisa na sisi.

Mwaka 1956, huko Cooperstown, Marekani, Dkt. E. Donnall Thomas alimpandikiza mgonjwa wa saratani ya damu uloto wa pacha wake. Miaka miwili baadaye, mpasuaji Denis Burkitt wa Kampala alichapisha habari za uvimbe uliokuwa ukiharibu taya za watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika kuufuatilia, akabaini kwamba unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi kama Mudende ulikuwa nadra.

Uvimbe huo ukatambuliwa kuwa aina ya saratani iitwayo limfoma, na Hospitali ya Mulago, Kampala, ikapata kituo cha kuitibu mwaka 1967, chini ya John Ziegler. Wapo watoto waliopona kwa dawa tu. Waliorudiwa na ugonjwa walihitaji dozi kali zaidi, lakini dozi hiyo huua na uloto wenyewe, na bila uloto mwili hautengenezi damu. Suluhisho likawa kuuvuna uloto mapema, kuugandisha, kumpa mgonjwa dawa, kisha kumrudishia kwa dripu. Ripoti ya Marekani ya mwaka 1978 iliyoeleza mafanikio ya njia hiyo kwa wagonjwa wa limfoma ina jina la Ziegler miongoni mwa waandishi. Historia hii ikisimuliwa bila Mulago, imepunjwa.

Afrika Mashariki yenyewe ilisubiri mno. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upandikizaji mwaka 2021 kwa seli za wagonjwa wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wakichangiwa na ndugu zao.

Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mudende jambo hilo ni zito. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kambi ya wakimbizi Wakongomani hapo ilishambuliwa Agosti na Desemba 1997. Aliyebaki peke yake kwao hana ndugu wa kupimwa, na daftari za wachangiaji duniani zina Waafrika wachache.

Tiba ya CAR-T haihitaji mchangiaji: seli za kinga za mgonjwa hutolewa, hufundishwa maabara kuitambua saratani, hurudishwa. Emily Whitehead, mtoto wa miaka 6, aliipata Philadelphia mwaka 2012. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017, dozi iliuzwa dola 475,000. Oktoba 2023 India iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei hiyo. India ndiko wagonjwa wengi wa kwetu hupelekwa tayari, na mazungumzo ya kuleta ujuzi huo Afrika Mashariki yanapaswa kuanzia huko.